Melanoma ya unyayo iliyofika mapafu na ini: tuanzie wapi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Mwaka jana alikatwa sehemu ya kisigino cha mguu wa kushoto kwa ajili ya doa jeusi lililogeuka kidonda, na majibu yakasema ni melanoma, yaani saratani ya seli za rangi za ngozi. Sasa ametoka mtoki, anakohoa, na sitiskani imeonyesha vivimbe kwenye mapafu yote mawili na vingine viwili kwenye ini. Daktari ametutajia dripu ya "kuamsha kinga" ambayo bei yake inatisha. Shangazi aliye Muscat anasema tumpeleke India mara moja. Mama anatembea mwenyewe, anakula kidogo, ana kilo 52. Je, kuna tiba kweli au tutapoteza fedha? Tuanzie wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yetu, na umfikishie mama salamu zetu za pole. Tiba ipo, na fedha pia zinaweza kupotea. Yote mawili ni kweli, na litakaloamua ni mpangilio wa hatua zenu katika wiki tatu nne zijazo. Familia nyingi huanza na dripu, au na tiketi ya ndege. Nyinyi anzeni na kile kipande cha nyama kilichokatwa kisiginoni mwaka jana, maana ndicho kitakachosema kama mama anahitaji dripu, vidonge, au kimoja kikifuatiwa na kingine. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi, ili muweze kuyalinganisha na cheti cha daktari.

Kwanza muujue ugonjwa wenyewe. Melanoma inayoanzia nyayoni, viganjani au chini ya kucha ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa Waafrika, na haisababishwi na jua kama ile ya Wazungu inayotokea mgongoni au miguuni. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwa kuwa ni adimu, mara nyingi hutibiwa kwa miezi kama fangasi wa kucha, kidonda cha kisukari au jeraha la kiatu, na kwetu huchanganywa pia na saratani ya Kaposi, ambayo nayo hupenda miguu. Basi chukueni ripoti ya patholojia muisome. Kama uvimbe ulikuwa na rangi nyeusi ya kutosha, jicho la mtaalamu kwenye darubini linaweza kutosha. Kama haukuwa na rangi, ripoti inapaswa kutaja vipimo vya ziada vya rangi za kinga, kama S100, SOX10, HMB-45 au Melan-A. Bila hivyo, ombeni vifanyike kabla ya jambo lingine lolote.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba vivimbe vya mapafuni ni saratani. Katika nchi zetu mtu mwenye melanoma anaweza pia kuwa na TB, na picha peke yake haitenganishi vizuri. Kikohozi cha mama kipimwe makohozi kwa GeneXpert. Mtoki uchomwe sindano au ukatwe kinyama. Uko karibu na ngozi, kwa hiyo ni rahisi na salama kuliko kuchoma ini au pafu. Sampuli hiyo mpya itathibitisha kwamba ugonjwa umesambaa, na pia itatoa chembechembe za kupima jeni endapo ile ya mwaka jana imeharibika.

Na huharibika kweli. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Kipande kilichokatwa huwekwa kwenye formalini, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama, kisha hugandishwa kwenye nta na kuhifadhiwa maabara. Ni haki yenu kuomba hicho kipande cha nta kwa barua ya daktari. Msiridhike na karatasi ya majibu tu. Formalini inayofaa ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali, na nyama inatakiwa ikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Nyama iliyoachwa kwenye chupa wiki tatu ikisubiri gari, au iliyowekwa kwenye formalini isiyosawazishwa, DNA yake hukatikakatika na kipimo hurudi na neno "imeshindikana". Kama mfupa ulikatwa pamoja na nyama, maabara huulainisha kwa asidi, na asidi hiyo huua DNA. Ombeni kipande cha nta kilichotoka sehemu laini, ambacho hakikupitia asidi. Tatizo la tatu ni la melanoma yenyewe: rangi yake nyeusi huzuia kemikali za kipimo cha PCR zisifanye kazi, hivyo maabara ambayo haijazoea ugonjwa huu inaweza kutoa jibu la uongo au kukosa jibu kabisa. Kwenye fomu daktari aandike wazi "melanoma yenye rangi nyingi", ili wasafishe DNA ipasavyo.

Jeni za kuulizia ni mbili, BRAF na KIT. Katika melanoma ya ngozi ya Wazungu, karibu nusu ya wagonjwa wana badiliko la BRAF. Kwa ile ya nyayo ni wachache zaidi, takriban mmoja kwa kila watano au sita. KIT, ambayo ni nadra kwingine, hapa nayo hupatikana kwa sehemu kama hiyo. Kipimo cha BRAF peke yake hakitoshi kwa mama, hata kama ndicho kinachotajwa kwanza kwenye vitabu. Mara nyingi sampuli hutumwa nje ya nchi na majibu huchukua wiki mbili hadi nne, kwa hiyo itumwe sasa, mambo mengine yakiendelea.

Wakati mnasubiri, mama apigwe picha ya ubongo, MRI yenye dawa ya kung'arisha ikiwezekana, au sitiskani yenye dawa kama MRI haipo. Melanoma hupenda kichwa kuliko saratani nyingi, na vivimbe vidogo havina dalili yoyote. Kikionekana kimoja, mpango mzima hubadilika.

Na damu. Mbali na picha kamili ya damu, figo, ini na sukari, kuna kipimo cha LDH. Kikiwa juu, ugonjwa una nguvu zaidi na huitikia dawa kidogo. Kisha vile vinavyopaswa kuwepo kabla ya dripu ya kwanza ili baadaye mjue kilichobadilika: homoni za tezi ya shingo (TSH na T4), kotisoli ya asubuhi, ECG na troponini ya moyo, VVU, homa ya ini B na C. VVU si kizuizi. Mtu anayetumia ARV vizuri na virusi vyake vimeshuka hupewa dawa hizi kama mwingine yeyote. Homa ya ini B pia si kizuizi, mradi aanzishiwe tenofovir au entecavir kwanza. TB iliyo hai hutibiwa kwanza, kwa sababu dawa hizi zimeonekana kuilipua.

Sasa tiba yenyewe.

Dripu aliyoitaja daktari haiongezi kinga kwa maana ya vidonge vya vitamini vinavyouzwa madukani. Seli za kinga zina breki, na saratani imejifunza kuikanyaga. Dawa hii huondoa mguu wa saratani kwenye breki hiyo. James Allison na Tasuku Honjo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua tiba ya saratani kwa njia ya kuziachia breki mbili, CTLA-4 na PD-1. Dawa za PD-1 ni pembrolizumab (mg 200 kila wiki 3, au mg 400 kila wiki 6) na nivolumab (mg 240 kila wiki 2, au mg 480 kila wiki 4). Kila moja huingia kwa dakika 30 hivi na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Dawa ya CTLA-4 ni ipilimumab, ambayo huchanganywa na nivolumab kwa dripu nne za kwanza.

Mtasoma mtandaoni kwamba kwa mchanganyiko huo watu 43 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 10. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini imetoka kwenye utafiti ambao wengi wa wagonjwa wake walikuwa na melanoma ya ngozi iliyoungua jua. Jua huacha makosa mengi ndani ya jeni za saratani, na ni makosa hayo yanayoifanya kinga iitambue. Melanoma ya unyayo ina makosa machache, hivyo kinga huiona kwa shida. Kwa dawa moja ya PD-1, tafiti za wagonjwa wa aina ya mama zimeonyesha uvimbe ukipungua kwa kiasi kikubwa kwa mgonjwa mmoja kati ya sita hadi mmoja kati ya watatu. Ya unyayo huitikia vizuri kidogo kuliko ya chini ya ukucha. Kwa wale wanaoitikia, nafuu inaweza kudumu kwa miaka, na hiyo ndiyo sababu dawa hizi ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Hii ndiyo hesabu ya kuiweka mezani mnapozungumzia kuuza shamba.

Je, dawa moja au mbili? Mchanganyiko huitikiwa zaidi, lakini katika utafiti huo huo wagonjwa 59 kati ya 100 walipata madhara makali, dhidi ya takriban 24 kwa nivolumab peke yake. Kama MRI itaonyesha vivimbe vidogo ubongoni visivyo na dalili, ningeukubali mchanganyiko, kwa sababu hupunguza vivimbe hivyo kwa takriban nusu ya wagonjwa. Kama ubongo ni safi na LDH ni ya kawaida, na mnaishi saa kadhaa kutoka kwenye hospitali inayoweza kutibu utumbo uliovimba usiku wa manane, ningeanza na dawa moja. Dawa mbili bila mtu wa kuyashughulikia madhara ni hatari kubwa kuliko faida yake.

Kuhusu gharama, kuna jambo ambalo familia haziambiwi. Pembrolizumab iliposajiliwa kwa melanoma Marekani mwaka 2014, dozi yake ilikuwa mg 2 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3. Hiyo mg 200 ya wote ilikuja baadaye, kwa urahisi wa kupanga. Kichupa kimoja kina mg 100. Kwa kilo 52 za mama, hesabu ni mg 104, na kuishusha hadi mg 100 kunakubalika katika utoaji wa dawa za saratani. Hiyo ni kichupa kimoja badala ya viwili, kwa dozi iliyopimwa na kuthibitishwa. Mwulizeni daktari bingwa waziwazi kuhusu dozi kwa uzito. Mtasikia pia habari za dozi ndogo sana ya nivolumab, mg 20, iliyojaribiwa Tata Memorial mjini Mumbai. Utafiti ule ulikuwa wa saratani ya kichwa na shingo, dawa ikiwa pamoja na vidonge vingine. Msiichukue kama dozi ya melanoma.

Majibu ya jeni yakirudi na BRAF imebadilika, mama ana silaha ya ziada: vidonge vya dabrafenib mg 150 mara mbili kwa siku pamoja na trametinib mg 2 mara moja. Vimezwe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake, na trametinib ikae kwenye friji. Vidonge hivi hufanya kazi haraka, mara nyingine ndani ya wiki mbili, lakini kwa wengi saratani hupata njia ya kuvizunguka ndani ya mwaka mmoja hivi. Utafiti wa DREAMseq ulilinganisha mpangilio: walioanza na dripu za kinga kisha vidonge walikuwa hai baada ya miaka 2 kwa asilimia 72, na walioanza na vidonge asilimia 52. Kwa hiyo mwenye nguvu kama mama huanza na dripu. Vidonge huja kwanza pale ugonjwa unapokimbia na hakuna muda wa kusubiri.

Dhara kubwa la vidonge hivyo ni homa, na kwetu hilo lina mtego wake. Mgonjwa anapata nyuzi 39 na kutetemeka, anapelekwa zahanati, anapewa dawa ya malaria, huku akiendelea kumeza vidonge vinavyoleta homa hiyo. Utaratibu sahihi: joto likifika nyuzi 38, asimamishe vyote viwili mara moja, apimwe malaria na maambukizi mengine, apewe paracetamol na maji, na daktari wake ajulishwe. Huanza tena akikaa saa 24 bila homa. Pia apigwe ECHO ya moyo kabla ya kuanza, baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi miwili au mitatu. Macho yakiona ukungu, aende kwa daktari wa macho bila kuchelewa.

KIT ikiwa imebadilika, dawa ni imatinib mg 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Ni dawa ya zamani, matoleo yake ya bei nafuu yapo, na madaktari wa saratani ya damu Afrika Mashariki wameizoea kwa miaka mingi. Mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi huitikia, hasa badiliko likiwa kwenye sehemu ya 11 au ya 13 ya jeni. Jeni iliyoongezeka idadi tu bila kubadilika huitikia mara chache, kwa hiyo ripoti itaje sehemu kamili. Kuvimba chini ya macho na kukakamaa kwa misuli ni kawaida na huvumilika.

Kemo ya zamani, dacarbazine mg 1000 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila wiki 3, au carboplatin na paclitaxel, ipo katika hospitali zetu na bei yake inafikika. Hupunguza uvimbe kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, na kwa muda mfupi. Ina nafasi yake pale mengine yamekosekana au yameshindwa. Dacarbazine huharibiwa na mwanga. Mfuko wake ufunikwe, na kama umekuwa wa waridi, usitumike.

Nirudi kwenye dripu za kinga, kwa sababu madhara yake hayafanani na ya kemo na ndiyo yanayoua watu ambao saratani yao ilikuwa inapungua. Nywele hazidondoki, kutapika ni nadra. Kinachotokea ni kinga iliyoachiwa kushambulia viungo vya mwenyewe: ngozi katika wiki za mwanzo, utumbo na ini kuanzia wiki ya 6 hivi, tezi za homoni baadaye zaidi. Inaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, wakati wote mmeshasahau.

Kuharisha ndiko kunakopotoshwa zaidi. Mama akienda choo mara nne hadi sita zaidi ya kawaida yake kwa siku, au akiona damu au kamasi, hilo si la kumalizwa na Flagyl ya duka la dawa. Kinyesi kipimwe amiba na vijidudu vingine, lakini asisubiri siku tatu za majaribio. Daktari wa saratani huahirisha dripu na kuanzisha prednisolone, kwa kawaida mg 1 kwa kila kilo. Akifika mara saba au zaidi hulazwa, na dozi hupanda hadi mg 1 au 2 kwa kilo kwa mshipa. Kama hakuna nafuu ndani ya siku tatu hivi, infliximab mg 5 kwa kilo huongezwa, na hapo ndipo yale majibu ya TB na homa ya ini B ya mwanzo yanahitajika. Kosa la kawaida ni kuacha prednisolone ghafla kuharisha kukikoma. Ipunguzwe taratibu kwa wiki nne hadi sita. Ikiachwa wiki ya pili, ugonjwa hurudi mkali zaidi. Akikaa kwenye mg 20 au zaidi kwa mwezi, apewe na cotrimoxazole ya kinga ya mapafu. Na kwa kuwa sisi ni wa ukanda wa minyoo ya strongyloides, ambayo husambaa mwili mzima mtu akipewa steroidi nyingi, ni busara kumpa ivermectin mapema.

Kiu kali ya ghafla na kukojoa sana ni sukari ya kupimwa saa hiyo hiyo. Kisukari kinacholetwa na dawa hizi hupanda ndani ya siku chache na hudhaniwa kuwa malaria au taifodi. Uchovu mzito, kichwa kuuma na shinikizo la damu kushuka ni tezi ya ubongo. Apimwe kotisoli, na apewe hydrocortisone kabla ya dawa ya tezi ya shingo, maana kugeuza mpangilio huo kunaweza kumwangusha. Kikohozi kipya au pumzi kukatika ni sitiskani ya kifua. Maumivu ya kifua, kope kulegea au misuli kuishiwa nguvu katika miezi mitatu ya kwanza ni dharura ya moyo: hospitali usiku huo huo, troponini na ECG. Ini hupimwa kabla ya kila dripu. Na hapa naomba sana: dawa za mitishamba zisimamishwe, au angalau zitajwe kwa daktari. Vipimo vya ini vikipanda na mama anakunywa majani matatu tofauti, hakuna atakayejua kama aendelee na dripu au aache.

Andikeni kwenye kadi ngumu: jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, namba ya simu ya kliniki ya saratani, na sentensi hii, "Anatumia dawa ya PD-1, tatizo lolote jipya linaweza kuwa la kinga." Mama atembee nayo. Daktari kijana wa zamu ya usiku anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa dawa hizi.

Sasa India. Hospitali zake ni nzuri na kupima jeni huko ni haraka. Lakini tiba hii si upasuaji wa kwenda na kurudi. Ni dripu kila wiki tatu kwa muda wa hadi miaka miwili, na madhara yatampata akiwa Tanga. Mgonjwa anayepewa dripu mbili Mumbai au Chennai, kisha akarudi bila daktari wa kumpokea, yuko pabaya kuliko aliyebaki. Ningependelea kutuma kipande cha nta na CD ya picha huko kama mnataka maoni ya pili, na mama akabaki chini ya daktari mmoja wa saratani hapa nyumbani. Kutoka hospitali ya Bombo hapo Tanga, rufaa inaweza kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC, Moshi. Mkiwa na vivimbe vichache ubongoni vinavyohitaji mionzi ya kulenga, KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyopo Nairobi, ina mashine ya CyberKnife, na hiyo ni karibu kuliko Mumbai. Fedha za shangazi zitafanya kazi kubwa zaidi kwenye vichupa na vipimo kuliko kwenye hoteli.

Ila vichupa visije kwenye begi la mtu. Dawa hizi ni protini. Zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani, zisigande na zisitikiswe. Kinachoharibu mara nyingi ni barafu: kichupa kinaegemezwa kwenye pakiti iliyoganda, kinaganda, kisha kinayeyuka na kuonekana kizima. Nunueni kupitia famasia ya hospitali au msambazaji aliyesajiliwa, mkague namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kichupa, na mkabidhiwe visanduku vitupu baada ya dripu. Pembrolizumab ikishachanganywa kwenye maji ya chumvi inavumilia saa 6 tu nje ya friji, na mrija wa dripu uwe na kichujio. Hayo mwulize nesi kwa upole. Atafurahi kuona mnajua.

Picha ya kwanza ya kupima maendeleo hupigwa baada ya wiki 12 hivi. Wakati mwingine, kwa wagonjwa wasiofika kumi kwa mia, vivimbe huonekana vimekua kwanza kwa sababu vimejaa seli za kinga, kisha hupungua. Kama vimekua lakini mama anakula na anatembea vizuri zaidi, rudieni picha baada ya wiki nne hadi nane kabla ya kubadili. Kama vimekua na yeye amedhoofika, huo ni ugonjwa; msilipie dripu nyingine kwa matumaini. Kama kimebaki kivimbe kimoja kigumu wakati vingine vimenyauka, daktari wa upasuaji anaweza kukikata.

Maumivu na kidonda havisubiri majibu ya jeni. Mofini ya maji huanza mg 2.5 hadi 5 kila saa nne, dozi ya kulala ikiwa mara mbili ili asiamke usiku, na ianze pamoja na dawa ya kulainisha choo kama bisacodyl au senna, kwani mofini hufunga choo na mwili hauizoei hali hiyo. Uganda wanaitengeneza na kuitoa bure. Kwenu mwulize kitengo cha tiba shufaa, yaani cha kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa. Haimfanyi mtu teja akipewa kwa maumivu ya saratani. Mfupa unaouma hutibiwa kwa mionzi ya siku moja, Gray 8. Mtoki ukipasuka na kutoa harufu, vidonge vya metronidazole vilivyosagwa laini vikinyunyizwa kwenye kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi hupunguza harufu ndani ya siku chache.

La mwisho ni mama mwenyewe. Katika barua yako hukusema kama ameambiwa. Familia nyingi huficha kwa mapenzi, lakini mgonjwa asiyejua anatumia dawa gani hawezi kuripoti kwamba ameharisha mara tano tangu alfajiri; ataona aibu na kunyamaza. Aambiwe na mtu anayemwamini, kwa maneno ya kawaida, kabla ya dripu ya kwanza, aulizwe anataka tiba ifike wapi na fedha za nyumba zitumike kiasi gani, na jibu lake liandikwe kwenye faili la hospitali.